Goti halijaishiwa mafuta: jibu kwa mama muuza vitumbua wa Tanga

Swali: "Nina miaka 57, naishi Tanga, asubuhi nauza vitumbua na chapati. Huu ni mwaka wa nne magoti yananiuma, la kulia zaidi. Nikikaa kwenye kigoda kuinuka ni kazi, ngazi nashuka kwa kushika ukuta, na siku hizi naswali nimekaa kwenye kiti. Nilipigwa picha nikaambiwa magoti yamesagika na mafuta yameisha. Nina kilo 88 na natumia dawa ya presha, losartani iliyochanganywa na dawa ya kukojoa. Diklofenaki nameza kila siku, na maumivu yakizidi nanunua duka la dawa vile vidonge vya mchanganyiko vya kwenye kifuko. Kuna wanaoniambia ninywe maji ya bamia, kuna wanaosema nichome sindano ya kujaza mafuta, na wengine wanasema niache kutembea nipumzishe magoti. Mwanangu yeye anataka nipasuliwe. Nishike lipi?"

Shikamoo mama. Pole sana. Nitakujibu yote, ila naomba nianze na vidonge kabla ya goti lenyewe, kwa sababu katika yote uliyoyaeleza hapo ndipo palipo na hatari ya karibu.

Diklofenaki inatuliza maumivu kweli, sina ugomvi nayo kwa siku chache. Lakini ikimezwa kila siku na mtu mwenye presha inafanya mambo manne kwa wakati mmoja: inadhoofisha ukuta wa tumbo hadi vidonda, ambavyo wakati mwingine hutoka damu bila kuuma, inapandisha presha ile ile unayojitahidi kuishusha, inaongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi, na inaminya figo. Kwako wewe hili la figo ni kubwa zaidi. Figo huchuja damu kwa msukumo. Diklofenaki inabana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye chujio, losartani inalegeza ile inayoitoa, na dawa ya kukojoa inapunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, msukumo unaporomoka. Siku ukiharisha, au siku ya funga umeshinda mbele ya jiko la mkaa bila maji, figo zinaweza kuzimika ghafla. Kwa hiyo wiki hii nenda ukapime presha na damu ya figo, yaani kreatinini, na umwambie daktari wazi kwamba umekuwa ukimeza diklofenaki kila siku. Dawa ya presha usiiache. Inayopaswa kuondoka ni diklofenaki ya kumeza.

Vile vidonge vya kifuko vinanitia hofu zaidi, kwa sababu wewe hujui ni nini na mimi siwezi kujua kwa mbali. Ila dawa ya viungo isiyo na jina, inayokufanya uamke kesho yake kama umezaliwa upya, mara nyingi ndani yake kuna steroidi: prednisoloni au deksamethasoni. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya unga na chupa zinazouzwa kama miti shamba. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya bidhaa za Artri King zilizouzwa kama virutubisho vya viungo, kwa kuwa vipimo vilikuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Steroidi ikitumiwa muda mrefu inaleta kisukari, inapandisha presha, inavimbisha uso, inadhoofisha mifupa, inaleta mtoto wa jicho na inapunguza kinga. Nisikilize vizuri hapa mama: kama umevimeza mfululizo kwa wiki kadhaa, usivikate siku moja. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimelala, na ukiacha ghafla unaweza kulegea, kutapika na presha kushuka hadi ukapoteza fahamu. Vichukue vilivyobaki, na kifuko chake, umpelekee daktari akupunguzie polepole.

Sasa goti. Ukila paja la kuku, kwenye ncha ya mfupa unakuta kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hilo ni gegedu, na wewe unalo kama hilo mahali mifupa inapokutana gotini. Ugonjwa wako, ambao madaktari tunauita osteoathraitisi, unalifanya gegedu hilo lipungue na kukwaruzika, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu na kuota vijiba pembeni, utando wa ndani wa goti unavimba, na misuli ya paja inasinyaa. Yaani kiungo kizima kinaumwa. Wenye ugonjwa huu ni wengi: Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao milioni 528 mwaka 2019, asilimia 60 kati yao wanawake, na kiungo kinachoongoza ni goti.

Yapo mambo mawili kuhusu gegedu ambayo natamani kila mgonjwa wa goti ayajue. Kwanza, gegedu halina mishipa ya fahamu. Haliumi. Kinachouma ni mfupa, utando, mishikio ya misuli na misuli yenyewe iliyochoka. Ndiyo maana wapo watu ambao picha zao za eksirei zinatisha na wanatembea sokoni bila shida, na wengine picha ni nzuri lakini usiku hawalali. Na ndiyo maana maumivu yako yanaweza kupungua sana hata kama gegedu lililokwenda halitarudi. Sitakudanganya kwamba kuna kitu kinaliotesha upya, bado hakipo.

Pili, gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa goti, na ute huo unaingia ndani ya gegedu na kutoka pale goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, yaani unapotembea. Ukilipumzisha goti miezi, unalinyima chakula, na juu ya hapo misuli ya paja inayolishikilia inakwisha, kisha kila hatua inauma zaidi, nawe unaona sababu ya kupumzika zaidi. Wagonjwa wengi ninaowaona hawakuangushwa na ugonjwa peke yake, waliangushwa na ushauri wa "pumzisha magoti". Siku goti limevimba na lina moto, mbili tatu, pumzika. Maisha yote, hapana.

Na hayo "mafuta yameisha"? Ute unatengenezwa na utando wa ndani ya goti kila siku. Katika ugonjwa huu ute unakuwa mwepesi kuliko kawaida, lakini mara nyingi kiasi chake kinaongezeka, ndiyo yale maji yanayolifanya goti lijae. Bamia ni mboga nzuri, pika ule na samaki, ila mlenda wake ukifika tumboni unasagwa kama chakula kingine. Hakuna njia ya kuutoa utumboni ukaufikisha gotini ukiwa bado ni mlenda.

Dawa kubwa ya goti lako ni misuli ya paja. Najua inasikika kama daktari anakufukuza mikono mitupu, lakini miongozo ya tiba imekubaliana hapa kuliko mahali pengine popote. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema kila mwenye ugonjwa huu apewe mazoezi, wa umri wowote, mwenye maumivu kidogo au mengi. Denmark tangu 2013 wana mpango unaoitwa GLA:D, mgonjwa anafundishwa ugonjwa wake kisha anafanya vipindi 12 vya mazoezi kwa wiki sita chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na umeshaenea hadi Kanada, Australia na China. Na mwaka 2020 watafiti wa hospitali za jeshi la Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 156, nusu wakichomwa sindano ya steroidi gotini, nusu wakipewa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi ndio waliokuwa na maumivu machache na miguu yenye kazi zaidi.

Ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa, hata mara mbili tatu akakuonyesha, itakuwa bora sana. Wakati unasubiri, anza hivi. Kaa kitandani mguu umenyooka, viringisha kanga uiweke chini ya goti, kisha ibonyeze kanga kwa goti kama unataka kuizamisha kwenye godoro. Utaona paja linakaza. Hesabu tano, legeza, rudia mara kumi, kisha mguu wa pili. Hilo ni la kuanzia hata siku goti linauma sana. Ukizoea, lala chali, kunja mguu mmoja, ule mwingine uliounyoosha uinue kiasi cha futi moja, uushikilie kidogo, ushushe taratibu. Na zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo maisha yenyewe: kaa kwenye kiti kirefu chenye mto juu, mikono umeikunja kifuani, inuka, kisha kaa tena polepole bila kujitupa. Mara nane hadi kumi, pumzika, rudia. Wiki zikienda unatoa mto. Fanya angalau siku tatu kwa wiki, na siku nyingine tembea, hata ukianza na dakika kumi asubuhi na kumi jioni.

Itauma, na ni vizuri ujue kipimo chake mapema ili usiogope. Ukiyapa maumivu alama kutoka sifuri hadi kumi, zoezi likikufikisha nne au tano unaweza kuendelea, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yasiporudi, usiache, punguza idadi. Maumivu ya namna hii si dalili kwamba unalisaga goti. Na usipime matunda kwa wiki moja. Misuli inahitaji kama miezi miwili hadi mitatu ndipo utaona tofauti kwenye ngazi.

Wewe uko Tanga, bahari iko pale. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni kunapunguza karibu nusu ya uzito unaobebwa na miguu, na misuli inafanya kazi vilevile kwa kuwa maji yanaizuia. Kama mnaweza kwenda akina mama kadhaa alfajiri au jioni maji yakiwa yametulia, mahali penye mchanga, itakufaa sana, hasa wiki za mwanzo ambapo kutembea nchi kavu kunauma.

Kuhusu uzito nitasema kwa heshima, kwa sababu najua wanawake wengi wamechoka kuambiwa "punguza mwili" kila wakigusa mlango wa kliniki, hata wakienda na jino. Uzito haukuleta ugonjwa huu peke yake. Kuna umri, kuna kurithi, kuna kukoma hedhi, kuna kazi ya miaka mingi ya kuchutama. Lakini ni jambo moja ambalo bado liko mikononi mwako. Stephen Messier na wenzake wa chuo kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima mwaka 2005 wakakuta kila kilo moja mtu anayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Zidisha kwa hatua unazopiga toka nyumbani hadi kwenye banda lako na kurudi. Mwaka 2013 walichapisha utafiti mwingine wa watu 454 waliofuatiliwa miezi 18, na waliounganisha chakula na mazoezi walipungua kama asilimia 11 ya uzito, maumivu yao yakashuka karibu nusu. Kwako wewe asilimia tano ni kilo nne na nusu hivi. Lenga hapo kwanza kwa miezi minne, halafu tuongee.

Chakula chenyewe, sitakuandikia orodha ya vitu vya dukani usivyovijua. Anayepika vitumbua anakula vitumbua, cha kuonja, kilichovunjika, kilichobaki. Hapo ndipo pa kuanzia: kunywa uji au kula yai na kipande cha kiazi kitamu kabla hujawasha jiko, ili usifike kwenye chuma ukiwa na njaa, na vilivyobaki vigawe. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni takriban gramu 50 za sukari. Shuka hadi kijiko kimoja kwa wiki chache, ulimi unazoea. Mchana na jioni nusu ya sahani iwe mchicha, bamia, biringanya, kabichi au kisamvu kisichozama kwenye tui, robo iwe ugali au wali, robo iwe samaki, dagaa, maharage au choroko. Hiyo robo ya mwisho usiipunguze, misuli ya paja inajengwa na hiyo. Nyama nyekundu haisababishi ugonjwa huu, watu wanauchanganya na jongo, ugonjwa mwingine wa viungo.

Zipo pia sindano mpya za kupunguza uzito. Semaglutaidi ilijaribiwa kwa watu wanene wenye maumivu ya goti, na matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha walipungua karibu asilimia 14 na maumivu yakashuka zaidi ya waliopewa sindano tupu, yaani isiyo na dawa ndani. Ni habari njema kwa ugonjwa huu, lakini bei yake ni kubwa na inahitaji daktari wa kuisimamia. Kwako si pa kuanzia.

Kazi yako sasa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu daktari anaweza kukupa kila kitu halafu kigoda kikakiharibu chote. Goti linapokunjwa sana huku limebeba mwili, kifuniko cha goti kinakandamizwa kwenye paja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Kigoda mbele ya jiko, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, beseni la nguo chini, choo cha kuchuchumaa: kwa siku moja unakunja na kukunjua mara nyingi sana. Liinue jiko. Jenga kizimba cha matofali au benchi imara, jiko likae usawa wa kiuno, wewe ukae kwenye stuli ndefu ambayo nyonga zinakuwa juu kuliko magoti, na kila baada ya nusu saa simama ugeuze miguu. Nazi kuna mbuzi za kufunga mezani, au mpe kijana akune. Beseni liweke juu ya meza. Chooni, fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu katikati cha kuweka juu ya shimo. Wengine hutumia kiti cha plastiki kilichokatwa, ila hakikisha kina nguvu ya kukubeba. Kuswali kwenye kiti endelea wala usijisikie vibaya, mgonjwa ameruhusiwa, na waliokuangalia vibaya msikitini waache.

Fimbo. Wanawake wa umri wako wanaikataa kwa kuona ni uzee. Ikitumiwa sawasawa inaondoa mzigo mkubwa, na karibu kila mtu anaishika upande usiofaa. Goti lako baya ni la kulia, fimbo ishike mkono wa kushoto, uisogeze mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kiganja ukiwa umesimama mikono imelegea. Viatu viwe bapa, vyenye soli nene inayobonyea kidogo na mkanda nyuma ya kisigino. Kandambili zilizolika ziache chooni.

Baada ya kuacha diklofenaki ya kumeza, maumivu utayatuliza na nini? Na diklofenaki ile ile, ila ya kupaka. Goti liko karibu na ngozi, jeli inalifikia, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na kidonge. Paka mara tatu hadi nne kwa siku pande zote za goti, kila siku kwa wiki mbili ndipo uamue kama inakusaidia. Hata hivyo mwambie daktari, hasa vipimo vya figo vikionyesha shida. Parasetamoli nguvu yake kwa ugonjwa huu ni ndogo, sitaki uitegemee, lakini gramu moja kabla ya kazi nzito siku mbaya haina ubaya, bila kuvuka gramu nne kwa saa 24, na ukumbuke kwamba vidonge vingi vya mchanganyiko tayari vina parasetamoli ndani. Kitambaa cha maji ya moto kwa goti lililokakamaa asubuhi, cha baridi kwa goti lililovimba jioni. Tramadoli sikushauri: inalevya, inazoeleka, na mtu wa magoti mabovu akianguka anavunjika nyonga. Mgonjwa ambaye maumivu yamesambaa na usingizi umepotea, daktari anaweza kumfikiria duloxetini, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu.

Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa ghali, vilipimwa Marekani kwa watu 1,583 na matokeo kutolewa 2006. Kwa jumla havikushinda kidonge tupu. Hiyo pesa nunua samaki.

Sindano za gotini ni za aina tatu na watu wanazichanganya. Ya steroidi inatuliza kwa wiki chache, inafaa goti lililovimba sana ambalo linakuzuia hata kuanza mazoezi. Kuirudia rudia sipendi, kwa sababu utafiti wa 2017 uliowachoma watu kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili ulikuta gegedu lao lilipungua zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakuwa na tofauti ya maana. Ya "kujaza mafuta" ni asidi ya haialuroni. Faida yake juu ya sindano tupu ni ndogo mno, bei yake si ndogo, na ule mwongozo wa Uingereza unasema isitolewe. Ya tatu ni ya damu yako mwenyewe iliyochujwa, ambayo Australia waliipima kwa watu 288, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba baada ya miezi 12 haikuwa bora kuliko maji ya chumvi, si kwa maumivu wala kwa gegedu. Mtu akikuambia uuze kiwanja uchome hizo mbili, kataa.

Mwanao nimemwelewa. Anakuona unashika ukuta, anataka liishe. Kuna upasuaji mmoja asiukubali kabisa kwa ajili yako, ule wa kuingiza kamera na "kuosha" goti. Houston, Marekani, wagonjwa 180 waligawanywa, baadhi wakaoshwa goti kweli, wengine wakachanjwa ngozi tu bila kujua, na matokeo ya 2002 yalionyesha hakuna tofauti. Upasuaji unaosaidia ni wa kubadilisha goti, na unafanyika hapahapa Tanzania, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili na KCMC Moshi. Unaponya maumivu kuliko chochote nilichokutajia, na takwimu za nchi zinazofuatilia wagonjwa kwa miaka mingi zinaonyesha magoti ya bandia yapatayo 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini una hatari ya maambukizi na damu kuganda mguuni, na goti la bandia wengi halikunji vya kutosha kuchuchumaa au kukaa kigodani, kupiga magoti kunakuwa kugumu. Anayeuhitaji ni yule aliyefanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa dhati, akarekebisha kazi na uzito kadiri alivyoweza, na bado usiku halali na mchana hatoki. Wewe hujapewa nafasi hiyo. Jipe miezi sita. Ukifika huko bado hali ni ile ile, nenda ukaonwe bila kuchelewa, usingoje mguu upinde na misuli iishe, maana paja lenye nguvu kabla ya upasuaji linakusaidia kusimama haraka baada yake. Mwambie mwanao kwa sasa akujengee kile kizimba cha jiko.

Jambo la mwisho, daktari akikuona mwombe akukague na nyonga, kwa sababu nyonga inayoumwa mara nyingine inauma gotini. Na umweleze asubuhi unakakamaa kwa muda gani. Kwa ugonjwa wako kawaida huisha ndani ya nusu saa. Ukizidi saa nzima, na vidole vya mikono vinavimba pande zote mbili, kuna ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Goti likiwa jekundu na la moto huku una homa, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho, huenda ni usaha ndani ya kiungo. Vivyo hivyo goti likivimba ghafla baada ya kuanguka ukashindwa kulikanyagia, au likikuuma usiku kucha huku unakonda na kutoka jasho. Na kwa kuwa umemeza diklofenaki muda mrefu, angalia choo: kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, au mkojo ukipungua sana na miguu ikavimba, hospitali moja kwa moja, na vile vidonge vyote uvibebe mkononi.